Fundi Anayehoji Cheche

Ukitaka kumjua fundi wa umeme wa magari ya zamani, usimtazame anapofunga spea mpya. Mtazame kabla hajagusa kitu: ni saa nane mchana, gari limezima ghafla kwenye mlima, na mwenye gari ameshashika simu anaulizia bei ya moduli. Fundi wa kubahatisha atamwambia, "Ilete tufunge." Fundi hodari atamwambia, "Subiri kidogo, bosi," kisha ataanza maswali. Lilikatika mara moja au lilianza kwa kumisi? Lilitembea muda gani kabla ya kuzima? Likipoa linawaka lenyewe? Mara ya mwisho nani aligusa nyaya? Makala haya ni ya kumsifu fundi huyo wa pili.

Magari yanayozungumziwa hapa ni ya kizazi cha katikati, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Yalikwisha kuachana na pointi, lakini hayajafika kwenye kompyuta. Humo mna Range Rover za V8 zenye kabureta, Porsche 911, Chrysler na Chevrolet za Marekani, Jaguar, na Toyota za wakati huo. Baadhi yake bado yanatembea katika miji ya Afrika Mashariki, na mengine huletwa makusudi: mashindano ya Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 tangu Safari ya kwanza ya 1953, huyarudisha magari ya zamani kwenye vumbi na mawe ambayo wengi tulidhani yameshayapa kisogo.

Ili kuiona kazi ya fundi huyu vizuri, inafaa kujua boksi analolihoji, yaani moduli, linafanya nini. Cheche ya injini ya petroli huzaliwa umeme unapokatwa. Umeme wa betri hupita ndani ya koili na kujenga usumaku. Ukikatwa ghafla, usumaku ule huporomoka na kuzaa volti elfu nyingi upande wa pili wa koili, na hizo ndizo zinazoruka kwenye plagi. Kwa zaidi ya nusu karne kazi ya kukata ilifanywa na pointi, yaani vipande viwili vya chuma vilivyogusana na kuachana ndani ya distribyuta, vikisaidiwa na kondensa. Mpango huo ulitoka kwa Mmarekani Charles Kettering wa kampuni ya Delco mwanzoni mwa karne ya 20, na ulidumu kwa sababu ulikuwa rahisi kuuelewa na rahisi kuutengeneza.

Lakini tazama mzigo wenyewe. Injini ya V8 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika inahitaji cheche 20,000 katika dakika hiyo, zaidi ya 330 kila sekunde. Kila cheche moja, pointi zimegusana na kuachana mara moja. Nyuso zake huungua, na kisigino kinachosuguana na mhimili hulika kidogo kidogo, nafasi inapungua na taimingi inachelewa. Dereva haoni kitu isipokuwa gari linazidi kuwa zito na petroli inakwenda haraka.

Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, ndiyo iliyoleta njia nyingine. Katika distribyuta pakawekwa nyota ya chuma yenye meno, na kando yake sensa yenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa. Kila jino linapopita, sensa hutoa umeme mdogo sana. Moduli huupokea umeme huo, huukuza, na kukata mkondo wa koili kwa wakati wake. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Chrysler waliufunga mfumo wa aina hiyo kwenye magari yao yote ya Marekani kufikia mwaka 1973, na General Motors wakafuata na wa kwao, uitwao HEI, katika magari ya 1975. Sheria za kupunguza moshi ziliwasukuma. Mwaka huo wa 1975 magari mengi ya Marekani yalianza kufungwa kichujio cha kusafisha moshi kwenye bomba, na kichujio hicho huharibiwa na petroli isiyoungua inayoletwa na injini inayomisi.

Faida ilikuwa kubwa, ila ilikuja na tabia mpya. Pointi hulalamika kabla ya kufa: gari linamisi, linakataa kuwaka asubuhi, linapiga kishindo kwenye ekzosi, na dereva mwenye kipande cha msasa anaweza kuzisugua kando ya barabara na kufika nyumbani. Moduli mara nyingi haina utangulizi. Inafanya kazi kikamilifu, halafu haifanyi kabisa. Tena imefunikwa kwa plastiki au imemiminiwa utomvu mgumu, na ndani yake hamna bisibisi inayoweza kuingia. Hapo ndipo ulipozaliwa ufundi wa namna nyingine, wa kukijua kilichofungwa kwa kuvipima vyote vilivyo nje yake.

Ushahidi wa kwanza hupatikana gari likiwa bado linatembea. Kwenye magari mengi ya umri huo, mita ya mizunguko ya injini husoma mapigo kutoka upande hasi wa koili. Injini inapokata huku gari likiendelea kuteleza likiwa kwenye gia, fundi anataka kujua mshale ulifanya nini. Kama ulianguka mara moja hadi sifuri ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini, koili imeacha kukatiwa umeme, na kosa liko kwenye mfumo wa cheche. Kama ulishuka polepole pamoja na mwendo, cheche zilikuwepo, na afadhali akaanze na pampu ya mafuta au kabureta. Dereva makini aliyeutazama mshale huo amekwisha kufanya nusu ya kazi bila kufungua boneti.

Gari likiwa limesimama, fundi hutafuta cheche yenyewe. Anachomoa waya wa plagi moja, anauchomeka kwenye plagi ya akiba iliyofungwa vizuri kwenye chuma cha injini, kisha anaomba stata ipigwe. Wale wa zamani walizoea kuuacha waya ukining'inia hewani na kutazama kama unarusha. Kwenye mifumo hii hilo ni hatari. Volti zikikosa njia ya halali zitatafuta nyingine, na njia hiyo inaweza kupita ndani ya moduli na kuiua papo hapo. Kwenye Porsche 911 zenye boksi la Bosch linalohifadhi umeme katika kapasita, ndani mna takriban volti 400 zinazosubiri mtu asiyejua. Boksi hilo lina jambo lake la kupendeza pia: ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, lililo zima husikika likitoa mlio mwembamba. Wazoefu hutega sikio kwanza, kwa sababu kimya chake ni habari tosha ya kuwapeleka kwenye fyuzi na nyaya zinazolilisha.

Tuseme cheche hakuna. Sasa fundi anachukua taa ndogo ya kupimia, anaifunga kati ya upande hasi wa koili na chuma cha gari, na stata inapigwa tena. Ikimetameta, moduli inafanya kazi yake ya kukata na kuachia, kwa hiyo lawama ihamie mbele: koili, waya wa katikati, kofia ya distribyuta, rota. Kwa kipimo hiki kimoja cha sekunde chache, moduli nyingi zilizokuwa zimehukumiwa kifo zimeachiwa huru.

Rota hasa ni mjanja. Kwa macho inaonekana nzima, lakini plastiki yake inaweza kutobolewa na umeme mkali, ukapita chini ya kipande cha shaba hadi kwenye mhimili wa distribyuta na kupotelea huko. Fundi aliyewahi kukutana nayo hasahau. Anafungua kofia, anausogeza waya mkuu wa koili karibu na shaba ya rota akiushika kwa koleo lenye mpira, na kupiga stata. Rota nzima haina mahali pa kupeleka umeme huo. Cheche ikirukia juu yake kwa nguvu, maana yake imepata tundu la kushukia.

Taa ikikaa bila kumetameta, bado moduli haijapatikana na hatia. Inaweza kuwa haijapewa umeme, haijapewa ethi, au haijapewa ishara ya sensa. Fundi anaviangalia vyote vitatu, na hapo ndipo mita inapochukua nafasi ya macho. Volti zinazofika kwenye koili zisipungue sana kuliko za betri. Zikipungua kwa zaidi ya volti moja, swichi ya ufunguo au viunganishi vya njiani vina kutu. Kisha anapima upande wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Kitabu cha gereji cha Land Rover kwa V8 za elektroniki hakiruhusu upotevu wa zaidi ya volti 0.1 hapo. Kwenye Chrysler boksi lenyewe hupata ethi kupitia skrubu zinazolishikilia kwenye bodi. Gari likipakwa rangi upya na skrubu zikarudishwa juu ya rangi, moduli mpya kabisa itakaa pale kama maiti, na mwenye gari ataambiwa amenunua feki. Kikulacho ki nguoni mwako. Dawa yake ni kipande cha msasa na dakika tano.

Sensa hupimwa kwa omu. Ile ya HEI inatakiwa kuwa kati ya 500 na 1,500, na isiwe na mawasiliano yoyote na chuma cha distribyuta. Lakini fundi mvumilivu haridhiki na namba iliyotulia. Waya wa sensa hukunjwa na kukunjuliwa kila mara kifaa cha kuwahisha taimingi kinapovutwa na hewa ya injini, na baada ya miaka mingi nyuzi za ndani hukatika huku ganda la nje likibaki zima. Kwa hiyo anaunganisha mita, kisha ananyonya kwa mdomo ule mpira wa hewa ili sahani ya ndani igeuke, na huku anautikisa waya taratibu. Namba ikiruka hata mara moja, amempata mhalifu. Ndiyo maana gari hilo lilikuwa zuri likisimama na baya likikanyagwa mafuta.

Vyote hivyo vikiwa safi na taa bado imelala, sasa moduli imebaki peke yake, na hukumu inaweza kutolewa. Kuna kesi moja tu ngumu zaidi, nayo ni ya joto. Moduli inayougua joto huzima gari baada ya mwendo mrefu, kisha hulifufua likishapoa, hivyo likifika gereji kwa kuvutwa linawaka vizuri na kumfanya mwenyewe aonekane mwongo. Fundi halikubali wala halikatai neno la mteja. Anaiacha injini ikinguruma, anaipuliza moduli kwa mashine ya kukausha nywele, na kungoja. Ikizima, anakamua vizuri kitambaa kilicholowa maji baridi kisichuruzike, anakiweka juu yake, na kungoja tena. Ikiwaka kwa sababu ya kitambaa hicho, ushahidi umekamilika. Halafu, kwa haki, anairudia kazi ileile kwenye koili, kwa maana koili nayo ina ugonjwa huohuo na imewahi kumponza jirani yake.

Kubadilisha moduli sasa ni kazi fupi, lakini ina adabu zake. Ile ya HEI hukaa ndani ya distribyuta, juu ya chuma kinachotakiwa kunyonya joto lake. Fundi husafisha uso wa chuma mpaka ung'ae, kisha hupaka tabaka jembamba la grisi ya kupitisha joto. Anayeiruka hatua hiyo kwa sababu "itashika tu" huwa amefunga bomu la saa: moduli itafanya kazi wiki chache, itachemka, na mteja atarudi akilaani kiwanda. Nyaya mbili za sensa zina mahali pake pia. Zikipishanishwa gari linaweza kuwaka, ila taimingi inakuwa imepotoka, na fundi asiyejua atashinda akigeuza distribyuta bila kupata utulivu. Nafasi kati ya nyota na sensa hupimwa kwa kibamba cha shaba au plastiki, kwa sababu cha chuma huvutwa na sumaku na kutoa kipimo cha uongo. Kwa V8 ya Land Rover nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.20 na 0.35.

Koili nayo lazima iendane na moduli. Koili ya pointi mara nyingi ina ukinzani wa karibu omu 3, hivyo kwa volti 12 hupitisha takriban ampea 4. Koili ya V8 ya elektroniki ya Land Rover ina omu 0.71 hadi 0.81. Moduli yenye akili ya kudhibiti mkondo, kama ya HEI, huishika koili hiyo bila shida. Ile isiyo na udhibiti itajaribu kubeba ampea 15 na zaidi, na itaungua. Ndiyo sababu vile visanduku vidogo vinavyouzwa kwa ajili ya kuondoa pointi kwenye magari ya zamani zaidi huja na maelekezo ya aina ya koili. Fundi mzuri huyasoma maelekezo hayo kabla ya kufungua pakiti, na humkataza mteja kuacha swichi imewashwa injini ikiwa imezima, maana baadhi ya visanduku hivyo hufa kwa kosa hilo tu.

Hatua inayofuata ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu hapo fundi anaacha kutii kiwanda na kuanza kufikiri nacho. Kwenye baadhi ya Range Rover za V8, moduli ilifungwa ubavuni mwa distribyuta, juu ya injini, mahali penye joto kali kuliko pote. Waliopima na kuelewa wakaihamisha: wakaichukua moduli, wakaifunga juu ya bamba nene la aluminiamu lenye mapezi, wakaliweka kwenye ukuta wa ndani wa bawa la gari ambako hewa inapita, na kurefusha nyaya kwa kiunganishi imara na ethi yake maalumu. Kazi ikifanywa vizuri, ugonjwa wa kuzima mchana huisha. Hapa historia nayo imejifunga fundo zuri. V8 ya Range Rover ilitokana na injini ya aluminiamu ya Buick, kampuni ya General Motors, ambayo Rover waliinunua miaka ya 1960. Na Lucas, waliotengeneza mifumo ya cheche ya Uingereza, katika amplifaya yao, yaani boksi la moduli, iitwayo AB14, iliyofungwa kwenye magari kama Jaguar, waliweka ndani moduli ileile ya HEI, ya pini nne, ya General Motors. Anayelijua hilo haagizi boksi zima kwa bei ya kutisha kutoka London. Anafungua kifuniko, anabadilisha kiini, na kufunga.

Tatizo la siku hizi ni ubora wa spea. Moduli ya pini nne ni rahisi kupatikana, na kwa sababu hiyo ni rahisi pia kughushiwa. Fundi mwangalifu huipima mpya kabla ya kuifunga, na huipima mara kadhaa mfululizo ili ipate joto, kwa kuwa mbovu nyingi hufaulu zikiwa baridi. Mara nyingine atakwambia umletee ya asili iliyokwisha kutumika, iliyotolewa kwenye gari chakavu, kuliko mpya yenye boksi la kung'aa. Usimdharau kwa ushauri huo. Iliyofanya kazi miaka mingi imekwisha kutoa ushahidi wake. Mpya bado iko kwenye majaribio, na barabara ya majaribio ni yako. Na kwa safari za mbali utamsikia akisisitiza moduli ya akiba, ikiwa imefungwa kando ya ile inayofanya kazi, nyaya tayari, ili dereva ahamishe kiunganishi kimoja tu na kuendelea.

Umahiri huu wote una adui mmoja, nao ni namna tunavyolipa. Gereji zetu nyingi hutoza bei ya spea na juu yake "ufundi" kidogo. Kwa hesabu hiyo, anayebadilisha moduli nzima pamoja na koili, rota na nyaya, vyote bila kupima, hupata zaidi ya yule aliyetumia saa mbili na kugundua skrubu moja yenye rangi chini yake. Wa kwanza ametoa risiti ndefu. Wa pili hana cha kuonyesha isipokuwa gari linalowaka. Wateja wengi humlipa wa kwanza kwa heshima na kumwambia wa pili, "Kumbe ilikuwa kitu kidogo tu," kisha wanampa nauli.

Basi ukiwa na gari la aina hii, fanya mambo matatu. Mtazame mshale wa mizunguko gari linapozima, na umweleze fundi ulichokiona bila kumtajia ugonjwa. Dai kuonyeshwa kipimo kilichoihukumu moduli kabla hujatoa hela ya kuinunua. Na akikuta ni waya tu, mlipe saa zake zote kana kwamba amebadilisha injini nzima. Chanda chema huvikwa pete, na gereji ambayo kupima hakulipi itabaki na mafundi wa "lete tufunge."